SOMO LA MWEZI: MBIO, MUZIKI NA SIKUKUU YA TAIFA
Masomo: Mathayo 5:43-48, Waebrania 11:8-16 na 12:1-3



Kila sikukuu ya taifa inapokaribia, swali moja huzuka katika mitaa yetu. Vijana wanataka mbio, wanataka na bendi. Wazee wa kanisa nao huuliza: Je, yafaa Mkristo aitumie siku hiyo kukimbia barabarani na kusikiliza muziki? Wengine husema ni anasa tupu. Wengine husema siku hiyo ni ya Serikali, haituhusu, basi kila mtu na afanye apendavyo. Sisi majibu yote mawili hatuyapendi. Leo twataka kuwachukua mpaka mji wa Atlanta, Marekani, kwa kuwa huko jambo hili limepita mlangoni kabisa mwa Waanglikana wenzetu.

Sikukuu yao ya uhuru ni tarehe 4 Julai, ukumbusho wa tangazo la mwaka 1776. Mwaka 1970 Bwana Tim Singleton, mwalimu wa riadha katika chuo kikuu kimoja mjini Atlanta, alianzisha mbio za asubuhi ya siku hiyo katika barabara kuu iitwayo Peachtree. Waliomaliza walikuwa 110. Tangu hapo idadi imepata kufikia watu 60,000. Mwendo ni kilometa 10, nao huanza mapema sana, maana joto la Julai huko si la mchezo. Majirani zetu wa Kenya wameshinda mara nyingi. Joseph Kimani alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 4 mwaka 1996, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakutokea aliyemshinda kwa kasi. Anayemaliza hupewa fulana, awe wa kwanza, awe wa elfu hamsini.

Kando ya njia bendi hupiga muziki. Hebu tulifikirie jambo hili kidogo. Mshindi akimaliza kwa dakika 27, ameisikia bendi kwa nukta chache tu, tena masikio yake yako kwenye pumzi za mwenzake aliye nyuma. Mama mnene atembeaye kwa saa mbili ndiye anayeusikia muziki wote, wimbo mpaka mwisho, bendi moja baada ya nyingine. Wapigaji nao hawana budi kuendelea mpaka huyo apite. Sisi tuliosimamia michezo ya shule kwa miaka mingi twakumbuka jinsi filimbi ilivyopulizwa na meza kukunjwa wakati watoto wawili watatu wangali uwanjani wakikimbia. Hakuna aliyewapigia makofi. Twaona mpangilio wa Atlanta umelitazama jambo hili kwa upande ulio sawa.

Katika nusu ya kwanza ya njia, ukingoni mwa barabara ile, lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Filipo, la Dayosisi ya Atlanta. Kanisa lile lingeweza kufunga lango lake siku hiyo na kulalamikia kelele. Badala yake Mkuu wa Kanisa Kuu hutoka akiwa amevaa mavazi yake, husimama kando ya barabara na kuwanyunyizia wakimbiaji maji ya baraka wanapopita. Hakuna anayeulizwa dhehebu lake. (Wako wasomaji wetu wasiopenda maji ya baraka. Hatutabishana nao hapa, ila twadhani kwa joto lile hata wao wangesogea upande huo wa barabara.)

Baada ya hapo njia hushuka, kisha hupanda kilima kirefu ambacho wakimbiaji wamekipa jina la kilima cha ugonjwa wa moyo. Hapo kilimani ipo hospitali ya Shepherd Center, inayowatibu walioumia uti wa mgongo na ubongo. Wagonjwa hutolewa nje wakiwa katika viti vya magurudumu, hukaa kando ya njia na kuwashangilia wanaopanda. Tena tangu miaka ya 1980 wamo washindani wa viti vya magurudumu katika mbio zenyewe, nao hutangulizwa mbele ya wakimbiaji wa miguu.

Sasa tufungue Biblia. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Episkopali la Marekani, toleo la 1979, kimeiwekea tarehe 4 Julai sala yake na masomo yake. Mtu angetazamia Injili ya ushindi. Lakini iliyowekwa ni Mathayo 5:43-48, Bwana anapoagiza adui wapendwe, na kutuonyesha Baba awapaye jua na mvua wema na wabaya pamoja. Katika Waebrania 11 twamkuta Ibrahimu akikaa katika hema kama mgeni, akitazamia nchi iliyo bora. Masomo ya namna hii siku ya kuitukuza nchi! Yaliwezaje kuchaguliwa?

Historia yake yatusaidia. Kitabu cha Sala kilichopendekezwa mwaka 1786 kiliweka ibada ya 4 Julai. Mwaka 1789 Mkutano Mkuu wa Kanisa lile uliiondoa, hasa kwa sababu ya William White, Askofu wa kwanza wa Pennsylvania. White mwenyewe alikuwa upande wa uhuru. Lakini alijua kwamba makasisi walio wengi walikuwa wamesimama upande wa Mfalme wa Uingereza, kwa kuwa walikula kiapo cha utii kwake walipopewa daraja, na Kitabu cha Sala cha zamani kiliwataka wamwombee. White aliona haifai kuwalazimisha hao kuongoza ibada ya shukrani kwa ushindi uliowavunja. Ibada hiyo haikurudi kitabuni mpaka mwaka 1928.

Tusisahau kwamba wako waliowekwa nje ya sikukuu ile kwa namna iliyo mbaya zaidi. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani, alihutubia mjini Rochester tarehe 5 Julai 1852 na kuwauliza wasikilizaji wake siku hiyo yamhusu nini mtumwa. Jimbo la Georgia, ambalo Atlanta ndio mji wake mkuu, lilikuwa jimbo la watumwa wakati huo. Leo wajukuu wa watumwa na wajukuu wa mabwana hukimbia katika barabara moja. Hatusemi yote yamekwisha kwa sababu hiyo.

Geuzeni ukurasa mpaka Waebrania 12, penye wingu la mashahidi na mbio zilizowekwa mbele yetu. Wahubiri wengi huwafanya mashahidi hao kuwa watazamaji waliokaa jukwaani. Lugha yetu yatuonya tusikosee hapa, maana kwa Kiswahili shahidi ni mtu aliyeona na kusema, na pia ni mtu aliyekufa kwa ajili ya imani. Na neno la Kiyunani lililoandikwa pale lilikuja kubeba maana zote mbili vilevile. Mashahidi wa sura ya 11 wameteswa, wengine wamekatwa kwa msumeno. Wanaotushangilia wameumia kutupita sisi. Kama mtu hulielewi fungu hili, waza juu ya wale wagonjwa wa kilimani, na uwaze mkimbiaji anayetaka kuacha njiani anapokutana na macho yao.

Kabla ya jumuiya kukutana, someni mafungu yaliyotajwa hapo juu, mkayasome polepole. Kisha kila mmoja aje na jina la mtu mmoja wa mtaa wake ambaye hakuonekana katika sikukuu ya taifa iliyopita: kiwete, mjane, mgeni asiye na ndugu, au yule aliyeshindwa uchaguzi na bado ana uchungu. Aje pia na sababu, kama anaijua. Wazee wa kanisa nao waje na jibu kuhusu lango la kanisa: siku hiyo litakuwa wazi au limefungwa, na ni nani atakayesimama hapo na ndoo ya maji na kikombe mpaka wa mwisho apite.