Msuguano wa Bomba: Anza na Kipenyo cha Ndani

Ukisimama ufukweni mwa ziwa pale Mbamba Bay ukatazama milima ya upande wa Mbinga, maji ya mserereko yanaonekana hayahitaji hesabu: chanzo kiko juu, vilula viko chini, yashuke tu. Lakini bomba hula sehemu ya mwinuko huo, na fundi sharti ajue kiasi kinacholiwa kabla ya kuagiza mabomba.

Mimi huanza na rula. Bomba la plastiki la milimita 63 hutajwa kwa kipenyo cha nje. La daraja la presha PN10 lenye ukuta wa milimita 3.8 lina 55.4 tu ndani, na humo ndimo maji yanamopita.

Tuseme tunataka lita 2 kwa sekunde. Gawa mtiririko kwa eneo la tundu: mwendo ni mita 0.83 kwa sekunde. Uzidishe kwa kipenyo, kisha ugawe kwa mnato wa maji, ambao kwenye nyuzi 20 ni mita za mraba 0.000001 kwa sekunde. Unapata namba ya Reynolds, kama 46,000. Ikiwa 5,000 au zaidi, fomula ya Swamee na Jain ya 1976 inatosha:

f = 0.25 ÷ [log(e/3.7D + 5.74/Re^0.9)]²

Hapo f ni kizidisho cha msuguano, e ni ukwaruzo wa ukuta, D ni kipenyo cha ndani na Re ni namba ya Reynolds. Vitabu huipa plastiki mpya milimita 0.0015; mimi huweka milimita 0.01, maana maungio na tope havimo vitabuni. Kwenye simu bonyeza log, usibonyeze ln. Jibu: 0.0218. (Mlinganyo wa Colebrook wa 1939 hutoa karibu hivyo hivyo, ila f iko pande zote mbili, utakumaliza jioni nzima.)

Upotevu = f × (L/D) × (v²/2g)

L ni urefu wa bomba, v ni mwendo, g ni mvutano wa dunia. Kwa kilomita moja ni mita 13.8.

Sasa badilisha namba uone. Bomba la chuma la GI lenye tundu hilo hilo, e ikiwa 0.15, linakula mita 18. Plastiki yetu, ukiweka 63 badala ya 55.4, inakuonyesha mita 7.4, karibu nusu tu ya hali halisi. Ndiyo maana siwaelewi wanaobishania desimali ya nne ya f huku kipenyo wamekisoma kwenye risiti.

Halafu kuna usiku. Msuguano upo maji yanapotembea tu. Vilula vikifungwa, kila mita 10 za mwinuko zinaleta takriban bar 1, na PN10 inafika kikomo kwenye mita 100 hivi. Mteremko wa kuja ziwani unazidi hapo, kwa hiyo jenga tangi la kukata presha kabla ya kufikia kimo hicho.