JE, NIMECHELEWA KUANZA TENISI?



Katika toleo hili nimeona vema niandike juu ya mchezo ambao wengi wetu hapa shuleni huuona kuwa ni wa wakubwa na wageni, yaani tenisi. Kandanda haihitaji mtu wa kuieleza, lakini tenisi inahitaji. Muhula uliopita wenzangu wa bwenini walinicheka waliponikuta nikipiga mpira kwenye ukuta wa tangi la maji, na mmoja wao akaniuliza, "Wewe bwana, unadhani utakula tenisi?" Swali hilo lilikuwa la mzaha, lakini mimi lilininyima usingizi. Nina umri wa miaka 17, nilianza nikiwa na miaka 15, nami nilikwisha kuazimia kuwa mchezaji wa kulipwa. Basi leo nitalijibu.

Jinsi nilivyoanza

Kwetu ni Pasiansi, si mbali na barabara iendayo uwanja wa ndege. Jirani yetu ni mzee ambaye katika ujana wake alikuwa mwokota mipira katika klabu moja, akajifunza mchezo kwa kuwatazama wenye klabu. Katika likizo ya Kidato cha Pili nilimkuta barazani akikaza nyuzi za raketi kuukuu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo uishike hii. Ishike kama unavyompa mtu mkono."

Nikaishika, na tangu siku hiyo sikuiacha.

Kiwanja na sheria zake

Kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77. Upana wake ni mita 8.23 kwa wachezaji wawili, na mita 10.97 kwa wachezaji wanne. Wavu una kimo cha sentimita 91 na nusu hivi katikati, na sentimita 107 kwenye nguzo. Huko kwetu Mwanza mahali tambarare pa urefu huo si rahisi kupapata, maana mawe ndiyo wenyeji wa mji. Mimi na babu tulichora nusu kiwanja tu kwa kamba na majivu, na upande wa pili ukawa ukuta.

Mpigo wa kuanzia hupigwa nyuma ya mstari wa mwisho, na mpira lazima uanguke katika chumba cha upande wa pili kilicho mshazari. Ukikosa mara ya kwanza, unapewa mara ya pili. Ukikosa tena, pointi ni ya mwenzako. Hesabu huenda 15, 30, 40, kisha gemu. Mwenye kupata gemu 6, akimzidi mwenzake kwa 2, ameshinda seti.

Kwa mwanafunzi anayeanza, haya matatu ndiyo ya kushika:

1. Miguu kwanza. Mkono hauwezi kuusahihisha mguu uliochelewa. Ruka kidogo mwenzako anapopiga, ili uwe tayari kwenda upande wowote.

2. Piga mpira ukiwa mbele ya mwili wako, usiungoje ufike ubavuni. Ukutani chora mstari kwa chokaa, sentimita 91 kutoka chini, upige juu kidogo ya mstari huo mara hamsini bila kukosa. Ukikosa, anza moja.

3. Jifunze kurusha mpira juu kabla ya kujifunza kuupiga. Mpigo wa kuanzia huharibiwa zaidi na mkono unaorusha kuliko mkono wenye raketi.

Kadhalika, kumbuka kwamba sisi tunakaa juu. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa. Mpira huruka mbali zaidi kwetu. Basi usiupige kwa hasira.

Samaki mkunje angali mbichi

Sasa nalirudia lile swali. Wazee husema samaki mkunje angali mbichi, na katika tenisi methali hii ni kweli mno. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 2004 na kulelewa na bibi yake, alishika raketi angali mtoto mdogo. Mnamo Julai 2022 yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walishinda mashindano ya wasichana wawili wawili huko Wimbledon. Seti ya kwanza walishindwa 3-6, ya pili wakashinda 6-4, na pointi za kumaliza ubishi wakazichukua 11-9. Mmoja wa wale waliowashinda siku hiyo alikuwa Victoria Mboko wa Kanada, ambaye wazazi wake walitoka Kongo. Naye mwaka 2025 alishinda mashindano makubwa ya Kanada kwa wanawake. Mwaka 2024 Okutoyi alipata medali ya dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Kabla yake, Mkenya Paul Wekesa alifika nafasi ya 100 duniani, akashinda mataji matatu ya wachezaji wawili wawili katika mashindano ya wanaume wa kulipwa.

Lakini yuko pia Althea Gibson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1927. Alikulia Harlem, katika jiji la New York, akicheza barabarani kwa kibao cha mti. Mwaka 1940, akiwa mtoto wa miaka 12 au 13, majirani zake walichanga fedha ili ajiunge na klabu afundishwe tenisi yenyewe. Mwaka 1956 alishinda mashindano ya Ufaransa, akawa mtu mweusi wa kwanza kupata taji kubwa kama hilo. Mwaka 1957 na 1958 alishinda Wimbledon. Kawia ufike, basi! Hata hivyo tusidanganyane. Gibson alikuwa amekwisha kuzoea kupiga mpira miaka mingi kabla ya 1940. Tena wakati ule mashindano makubwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Milango haikufunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa mpaka mwaka 1968. Yeye aliondoka mwaka 1958 akiwa na vikombe, lakini hana mali.

Hesabu niliyomsomea mama

Mama yangu anauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Alikuwa ameweka akiba kidogo kwa ajili ya masomo yangu ya Kidato cha Tano. Nami, likizo iliyopita, nilimwomba akiba hiyo iwe ya pasipoti na nauli ya kwenda Nairobi kwenye mashindano. Mama hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, mimi tenisi siijui, lakini hesabu naijua. Andika, kisha unisomee."

Nikaandika hivi. Mimi hucheza saa moja kwa siku, siku 5 kwa juma, majuma 40 kwa mwaka: ni saa 200. Kwa miaka miwili ni saa 400. Mtoto aliyeanza na miaka 6, akicheza saa 2 kwa siku, siku 5, majuma 50, hupata saa 500 kwa mwaka. Akifika miaka 15 ana saa 4,500. Kwa mwendo wangu ningehitaji zaidi ya miaka 20 kufika alipo, tena yeye hakai akiningoja.

Pili, mashindano ya vijana ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi humpokea kijana tangu miaka 13 mpaka mwisho wa mwaka atimizao miaka 18. Kwangu ni mwakani.

Tatu, fedha. Mwaka 2025 aliyeshindwa mchezo wa kwanza Wimbledon alipata pauni 66,000. Lakini hakuna anayeanzia Wimbledon. Ngazi ya chini ya wanaume wa kulipwa ni mashindano yenye zawadi ya jumla ya dola 15,000. Katika watu 32, bingwa hupata dola 2,160, na anayetoka mchezo wa kwanza hupata dola 156. Humo atoe nauli, chakula, malazi na nyuzi za raketi.

Nilipomaliza kusoma, mama alikaa kimya, akaendelea kuchagua dagaa. Halafu akauliza, "Na wewe ungetoka mchezo wa ngapi?" Sikuweza kumdanganya. Nikasema, "Wa kwanza, mama."

Jibu langu

Basi jibu langu ni hili: sitakula tenisi kama mchezaji wa mashindano ya kulipwa. Kuliandika neno hili kumeniuma kuliko kicheko cha bweni zima. Akiba ya mama imebaki kwa Kidato cha Tano, Mungu akijalia nifaulu. Lakini raketi sikuiweka darini. Babu yule hakucheza mashindano hata siku moja, na bila yeye nisingejua kitu. Likizo iliyopita nilianza kuwafundisha watoto wanne wa jirani zetu, mkubwa wao ana miaka 8, kwa vibao vya mbao na mipira iliyochakaa. Yupo msichana mmoja wa miaka 6 ambaye tayari hupiga mara thelathini ukutani bila kukosa. Kwake yeye hesabu ile hutoa jibu jingine. Tena safari haiko mbali kama zamani: mwaka 2024 wachezaji wa kulipwa walikuja kushindana Kigali, ng'ambo tu ya mkoa wa Kagera.

Nanyi wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza, wenye miaka 13 na 14, msinifuate katika kuchelewa kwangu. Aliye na nia asianze na ndoto ya Wimbledon; aanze na mstari wa chokaa. Upo kwenye tangi la maji, nyuma ya bweni, na raketi ziko mbili. Saa kumi jioni mtanikuta pale.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne