Siku za Bei Nafuu: Tunaokoa au Tunapoteza?



Kila ifikapo Novemba, simu zetu hujaa ujumbe: "Nunua leo, bei imeshuka!" Redioni ni hivyo hivyo. Je, siku hizi zilitoka wapi? Nasi tufanye nini ili mfuko wetu usitoboke?

ZILIKOTOKA

Huko Marekani, Alhamisi ya nne ya Novemba ni Sikukuu ya Shukrani. Kesho yake wengi hawaendi kazini, basi huanza kununua vitu vya Krismasi. Miaka ya 1950 na 1960, polisi wa mji wa Philadelphia waliiita siku hiyo Black Friday, yaani Ijumaa Nyeusi, kwa sababu msongamano wa watu na magari uliwachosha sana. Baadaye wenye maduka walilichukua jina hilo wakavutia nalo wateja.

Huko China siku yao ni 11 Novemba. Tarehe hiyo ina tarakimu moja mara nne, kama watu wanne waliosimama kila mtu peke yake, kwa hiyo vijana wa vyuo waliifanya siku ya wasio na wachumba. Mwaka 2009 kampuni ya Alibaba iliigeuza kuwa siku ya mauzo. Intaneti na simu zimezieneza siku hizi karibu dunia nzima, hata kwetu Kenya.

KWA NINI ZINATUVUTA

Nani hapendi kupunguziwa? Lakini tunaambiwa pia kwamba ni leo tu, na hofu ya kupitwa hutufanya tusahau kupiga hesabu. Mwaka 2008 huko New York, mfanyakazi wa duka alikufa baada ya kukanyagwa na umati uliokimbilia bei nafuu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

TUPIGE HESABU

Tuseme tangi la maji limeandikwa: zamani sh. 12,000, leo sh. 9,000. Mama mmoja anafurahi kwamba ameokoa sh. 3,000. Lakini duka la sokoni kwetu huliuza tangi kama hilo sh. 9,200 mwaka mzima. Basi ameokoa sh. 200 tu. Akilipa sh. 500 kulisafirisha, amepoteza sh. 300.

Na kama pesa alikopa? Kwa riba ya sh. 10 kwa kila 100 kwa mwezi, kwa miezi mitatu atalipa sh. 2,700 zaidi. Halafu Januari inabisha hodi na karo ya watoto.

Hatusemi kila punguzo ni uongo. Tunasema bei ya kulinganisha si ile iliyopigwa mstari, bali ile ya maduka mengine. Hata nchi za Umoja wa Ulaya ziliona shida hii. Tangu Mei 2022, kwa kawaida mwuzaji anayetangaza punguzo huko lazima aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia katika siku 30 zilizotangulia.

TUFANYE NINI?

1. Mwezi wa Oktoba, kikundi kiandike vitu kinavyohitaji kweli. Kisichoandikwa kisinunuliwe.
2. Wanachama wawili waulize bei katika maduka matatu, na katibu aziweke daftarini.
3. Tununue pamoja. Watu kumi wakitaka matangi kumi, wanaweza kuomba kupunguziwa mwezi wowote.
4. Tusikope kwa sababu ya ofa. Mweka hazina asitoe pesa kabla ya kikao kukubali.
5. Tudai risiti. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa bora na ya kuelezwa ukweli.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni kitu gani tulinunua kwa sababu ya bei tu? Kiko wapi leo?
2. Kama hakungekuwa na punguzo, je, tungekitaka?
3. Mfuko wetu una kiasi gani, na Januari tutahitaji kiasi gani?

Kikundi kinachojibu swali hili la tatu kabla ya Novemba hakitababaishwa na tangazo lolote.