SOMO: KUSEMA NA MTU MGUMU, KAZINI NA NYUMBANI



Somo hili halihusu mishahara, lakini wako waliopoteza mshahara kwa kutolijua. Ni namna ya kusema na mtu mgumu. Tunamjua sote: nyapara asiyeitikia salamu, karani wa mizani anayekutupia kadi, na nyumbani ni shemeji, au kaka mkubwa ambaye akisema amesema.

Katika shamba moja la chai magharibi mwa Uganda nilikofanya kazi, mama mmoja mchumaji alileta jani lake mizani. Mvua haikunyesha siku hiyo. Karani akamkata kilo mbili, ati za maji. Mama akapiga kelele mbele ya foleni nzima: "Wewe mwizi, na baba yako alikuwa mwizi!" Kilo mbili zile zilikuwa haki yake kabisa. Lakini tangu alipotamka neno hilo, hakuna aliyeuliza tena habari za kilo. Ofisini yalizungumzwa matusi tu. Akapewa barua ya onyo, na sisi wa tawi tukakaa siku mbili tukijibu habari za baba wa karani badala ya kudai jani.

Angalieni tofauti. "Wewe mwizi" ni neno juu ya mtu, na mtu akiambiwa hivyo mbele za watu hana njia ila kupigana. "Leo jua limewaka tangu asubuhi, nawe umenikata kilo mbili za maji, naomba unionyeshe hayo maji" ni neno juu ya kitendo. Lina siku, lina kilo, lina mashahidi waliosimama nyuma yako. Karani atakasirika vilevile, siwadanganyi, lakini atalazimika kujibu habari za maji.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba kabla ya kumfukuza mfanyakazi kwa kosa, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Basi usiende peke yako. Na huyo unayekwenda naye asiwe rafiki yako mwenye hasira kuliko wewe.

Sasa nyumbani. Mimi ninayewafundisha haya nilishindwa kwangu. Kaka yangu alikodisha shamba la marehemu baba bila kuniambia. Nilikwenda likizo ya Krismasi, nikaanza maneno wakati wa chakula, mbele ya mke wake na watoto. Nikataja shamba, nikataja mbuzi wa zamani, nikataja hata karo ya mwaka nilioacha shule. Miaka mitatu hatukusemezana.

Baadaye nilirudi na mjomba wetu, asubuhi, kabla kaka hajaenda kunywa. Nikasema jambo moja tu: "Kaka, shamba la bondeni umelikodisha misimu miwili. Naomba unieleze fedha zilivyotumika." Nikanyamaza. Kunyamaza huko kulikuwa kugumu kuliko kusema. Mwishowe akaeleza: nyingi zilikwenda hospitali kwa ajili ya mama, naye aliona aibu kuniomba mimi mdogo wake. Nyingine alizinywa, hilo nalo alisema. Mjomba akaamua nilime nusu ya bondeni kuanzia msimu uliofuata, na ninalilima hadi leo. Kaka ni mgumu bado.

Lakini msichanganye mambo. Mume anayepiga si "mtu mgumu" wa kutafutiwa maneno mazuri. Toka, enda kwa jirani, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa polisi. Vivyo hivyo nyapara anayetaka mwili wa mwanamke ndipo ampe kazi nyepesi. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuridhiwa na Uganda mwaka 2023, unapinga ukatili na unyanyasaji kazini. Mambo hayo yaleteni tawini, tuyapeleke pamoja.

Maswali ya kujadili katika tawi:

Yule mama wa kilo mbili angesema nini, na kwa nani kwanza?

Mwenzako wa chumba katika laini hutumia kuni zako kila siku. Mwambie kwa maneno matatu au manne, bila kutaja tabia yake. Wengine wasikilize, kisha waseme kama wangekasirika.