Somo la 14: Dereva Aliyepanda Ngazi

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kupanda ngazi. Unakanyaga kipandio cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu. Kila kipandio kinakupeleka juu kidogo. Ukipanda na mzigo kichwani, unapanda kwa uangalifu zaidi.

Katika somo hili tutasoma habari za kijana wa Ufaransa, Esteban Ocon. Yeye alipanda ngazi ya madereva wa magari ya mbio. Mzigo aliobeba ulikuwa nyumba ya wazazi wake. Soma polepole, kisha jibu maswali yaliyo mwisho wa somo.

1. Magari ya magurudumu wazi

Magari ya mashindano ni ya aina nyingi. Mengine yanafanana na magari tunayoyaona barabarani, yana milango na paa. Lakini yako mengine ambayo magurudumu yake yote manne yako nje kabisa, hayafunikwi na bodi. Gari la namna hii lina kiti kimoja tu na linapita karibu sana na ardhi. Gurudumu likigusa gurudumu la mwenzake, gari linaweza kurushwa juu. Kwa hiyo dereva lazima awe na macho makali na moyo mtulivu.

Magari ya juu kabisa katika aina hii ni ya Formula 1, ambayo wengi huyaita langalanga. Yanaweza kupita mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Chini yake kuna magari madogo zaidi ya kujifunzia, na chini kabisa kuna vigari vya watoto, visivyo na bodi wala springi. Hiyo ndiyo ngazi.

2. Nyumba inauzwa

Esteban Ocon alizaliwa tarehe 17 Septemba 1996 katika mji wa Évreux, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa magari, naye alikuwa na gereji yake. Familia haikuwa tajiri.

Esteban alianza mashindano ya vigari akiwa bado mtoto. Mwaka 2007 alikuwa bingwa wa Ufaransa katika kundi la umri wake. Mwaka 2008 alipanda kundi la juu yake, akawa bingwa tena.

Sasa fikiri juu ya gharama. Matairi ya vigari huisha upesi. Injini hutaka matengenezo. Kuna petroli, kuna ada ya kushindana, kuna safari ndefu kutoka mji hadi mji. Mtoto akishinda, gharama hazipungui. Zinaongezeka, kwa sababu anapanda kundi la juu.

Wazazi wake waliuza nyumba yao. Waliuza na gereji. Wakaishi ndani ya karavani, yaani chumba chenye magurudumu kinachovutwa na gari. Mashindano yakiisha, walivuta karavani yao wakaenda kwenye mashindano mengine. Baba yake ndiye aliyekuwa fundi wake.

Baadaye kampuni moja inayosimamia madereva chipukizi ilimwona, ikaanza kumsaidia. Lakini msaada huo ulikuja baada ya nyumba kuuzwa.

3. Kutoka vigari hadi magari

Mwaka 2012, akiwa na miaka 15, Ocon alianza kuendesha magari ya magurudumu wazi katika mashindano ya Formula Renault. Kule kwenye vigari alikuwa bingwa. Huku alikuwa mwanafunzi tena. Mwaka wake wa kwanza katika mashindano ya Ulaya hakushinda mbio hata moja.

Hakuacha. Mwaka 2013 alirudi katika mashindano yale yale. Mara hii alishinda mbio 2, na mwisho wa msimu akawa wa tatu. Bingwa wa mwaka huo alikuwa Pierre Gasly, kijana wa Rouen, mji ulio jirani na Évreux. Wawili hawa walifahamiana tangu utoto wao katika vigari.

4. Pointi hukusanywa

Mwaka 2014 Ocon alipanda kipandio kingine, Formula 3 ya Ulaya. Mwaka huo zilikuwako mbio 33. Ili kuelewa mambo yaliyotokea, lazima tujue jinsi pointi zinavyohesabiwa.

Dereva wa kwanza hupata pointi 25. Wa pili hupata 18. Wa tatu hupata 15. Idadi huendelea kupungua hadi dereva wa kumi, ambaye hupata pointi 1. Anayegonga gari akashindwa kumaliza hupata sifuri. Mwisho wa mwaka pointi zote hujumlishwa.

Mpinzani mmoja wa Ocon alikuwa Max Verstappen wa Uholanzi, kijana mwenye mwendo mkali sana. Mwaka ule Verstappen alishinda mbio 10, na 6 kati ya hizo alizishinda mfululizo. Ocon alishinda mbio 9. Je, nani alikuwa bingwa?

Bingwa alikuwa Ocon. Alipata pointi 478, na Verstappen alipata 411, akawa wa tatu. Verstappen alishinda mara nyingi zaidi, lakini siku nyingine alirudi mikono mitupu. Ocon, siku asiposhinda, mara nyingi aliondoka na pointi za wa pili au wa tatu.

Lakini tuseme kweli yote. Verstappen ndiye aliyekwenda Formula 1 moja kwa moja mwaka 2015, akiwa na miaka 17. Baadaye, mwaka 2021, akawa bingwa wa dunia. Ocon, aliyemshinda, alibaki chini. Ubingwa peke yake hautoshi kumpatia dereva gari la kuendesha. Lazima awepo mwenye gari anayemtaka, na lazima fedha ziwepo.

5. Wa pili, wa pili, wa pili

Mwaka 2015 kampuni ya Mercedes ilimchukua Ocon miongoni mwa vijana wake. Akaingia mashindano yanayoitwa GP3. Mwanzoni mwa msimu alishinda mbio moja huko Hispania. Baada ya hapo hakushinda tena mwaka mzima.

Lakini alikuwa wa pili. Kisha wa pili tena. Alikuwa wa pili mara 9 mfululizo! Mpinzani wake mkubwa, Luca Ghiotto wa Italia, alishinda mbio nyingi kuliko yeye. Mambo yakafikia mashindano ya mwisho, huko Abu Dhabi. Hesabu ilipofungwa, bingwa alikuwa Ocon, mwenye ushindi mmoja tu.

Wazee wetu walisema: haba na haba hujaza kibaba.

6. Hatari ya kazi hii

Gharama ya ngazi hii si fedha tu. Anthoine Hubert, kijana mwingine wa Ufaransa, alikuwa bingwa wa GP3 mwaka 2018. Mwaka uliofuata alipanda Formula 2, kipandio kilicho chini tu ya Formula 1. Tarehe 31 Agosti 2019, katika mbio za Spa-Francorchamps huko Ubelgiji, alipata ajali akafariki. Alikuwa na miaka 22.

7. Kufika juu

Ocon alifika Formula 1 mwezi wa Agosti 2016, katikati ya msimu, akiwa na miaka 19. Dereva mmoja wa timu ndogo ya Manor aliondolewa, naye akapewa nafasi hiyo. Mwaka 2017 na 2018 aliendesha gari la timu ya Force India.

Mpanda ngazi hushuka. Mwaka 2019 hakuwa na gari la kushindania. Alikaa kama dereva wa akiba, akitazama wenzake. Mwaka 2020 alirudi. Tarehe 1 Agosti 2021, huko Hungaria, Ocon alishinda mbio za Formula 1 kwa mara ya kwanza. Nyuma yake alikuwa Sebastian Vettel, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia mara 4. Vettel alimfuata karibu sana, asiweze kumpita.

8. Tunajifunza nini?

Somo hili halimwambii mzazi auze nyumba. Wako wazazi wengi waliotumia mali yao yote, na watoto wao hawakufika Formula 1. Majina yao hatuyasomi vitabuni. Mzazi lazima apime kabla ya kutoa.

Jambo la kushika ni lile la pointi. Siku ya kushinda ni njema, lakini mwaka una siku nyingi. Anayefanya vizuri kila siku, hata bila kupigiwa makofi, huweza kumpita yule anayeng'ara leo na kukosekana kesho. Hata sisi katika kisomo ni hivyo. Aliyehudhuria kila jioni, akasoma ukurasa mmoja mmoja, ndiye anayesoma somo hili leo.

Maneno mapya

Kipandio: mahali pa kukanyaga katika ngazi.
Chipukizi: mtu anayeanza kukua katika kazi au mchezo.
Mfululizo: moja baada ya jingine bila kukatika.
Msimu: kipindi cha mashindano katika mwaka.
Dereva wa akiba: dereva anayengoja kuchukua nafasi ya mwenzake.

Maswali

1. Magari ya magurudumu wazi yana tofauti gani na magari ya barabarani?
2. Wazazi wa Ocon waliuza nini, na waliishi wapi?
3. Kwa nini Verstappen hakuwa bingwa mwaka 2014, ingawa alishinda mbio nyingi kuliko Ocon?
4. Mwaka 2015 Ocon alikuwa wa pili mara ngapi mfululizo?

Hesabu

1. Mwaka 2014 Ocon alimzidi Verstappen kwa pointi ngapi?
2. Dereva A ameshinda mbio 2, na mbio ya tatu ameanguka. Dereva B amekuwa wa pili katika mbio zote 3. Nani ana pointi nyingi? Amemzidi mwenzake kwa pointi ngapi?

Majadiliano darasani

Mtoto wako ana kipaji kikubwa, lakini gharama za kumwendeleza ni sawa na thamani ya nyumba yako. Nyumbani wako na watoto wengine. Utafanya nini? Kila mmoja atoe mawazo yake, na wengine wamsikilize mpaka amalize.