Pakiti ya Maziwa Inasema Nini?
Kijitabu cha afya kwa kaya

Kwenye maduka ya Tanzania na Kenya, pakiti nyingi za maziwa na mtindi zina maandishi ya Kiingereza nyuma na picha ya ng'ombe mbele. Picha hiyo haikuambii kama ndani mna maziwa matupu, maziwa yaliyotiwa sukari, au mafuta ya mawese yaliyogeuzwa unga mweupe. Kijitabu hiki kinakufundisha maneno machache ya kutafuta kabla ya kulipa. Si lazima ujue Kiingereza. Inatosha kuyatambua maneno haya kwa macho. Kama nyumbani kuna mwanafunzi, mpe pakiti awasomee wengine kwa sauti.

1. ANZA NYUMA YA PAKITI

Tafuta neno "Ingredients", yaani vitu vilivyomo. Vitu hivyo hupangwa kwa uzito: kilicho kingi zaidi hutangulia, kilicho kidogo hufuata. Kwenye kopo la maziwa ya unga, ukiona maziwa yametajwa kwanza na hakuna mafuta mengine, ni sawa. Ukiona "vegetable fat" au "palm oil", ujue mafuta ya maziwa yameondolewa na mahali pake pamewekwa mafuta ya mimea. Si sumu, lakini usiyalipie bei ya maziwa kamili.

"Creamer" ni unga wa kulainishia chai na kahawa. Usimkorogee mtoto ukadhani umempa maziwa.

Vilevile "butter" ni siagi ya maziwa, na angalau asilimia 80 yake ni mafuta ya maziwa. "Margarine" kwa kawaida hutengenezwa kwa mafuta ya mimea, hata kama nyumbani mnaiita siagi.

2. YAMEPITA KWENYE MOTO GANI?

"Pasteurised": maziwa yamepashwa joto la kuua vimelea vya magonjwa, kwa mfano nyuzi joto 72 kwa sekunde 15. Bakteria wachache wanaoyachachisha hubaki, ndiyo maana hukaa kwenye friji na hudumu siku chache tu.

"UHT" au "Long life": yamepashwa nyuzi joto 135 au zaidi kwa sekunde chache, kisha yakafungwa ndani ya pakiti safi isiyopitisha vimelea. Hukaa miezi bila friji maadamu pakiti haijafunguliwa. Ikishafunguliwa, huharibika kama maziwa mengine. Asiye na friji anunue pakiti ndogo inayomalizika kwa mara moja.

"Raw": maziwa mabichi. Maziwa ya kupimiwa kutoka kwenye dumu hayana maandishi yoyote. Yahesabu kuwa mabichi hata kama muuzaji unamwamini. Chemsha huku unakoroga mpaka yafoke, yafunike, yapoe, uyahifadhi kwenye chombo safi cha mdomo mpana kinachosuguliwa hadi chini.

Kugandisha peke yake hakutoshi kuua vimelea vya brusela, ugonjwa unaosababisha ng'ombe kutupa mimba. Chemsha maziwa kwanza, yakipoa ndipo utie mtindi wa kuanzishia. Kwa binadamu, brusela huleta homa ya kuja na kuondoka, jasho jingi, uchovu, maumivu ya viungo na ya mgongo, na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Ukienda zahanati na homa isiyokwisha, mwambie mhudumu kama huwa unakunywa maziwa mabichi.

3. HESABU SUKARI

Tafuta mstari wenye neno "Sugars", uangalie kiasi kwa kila gramu 100. Maziwa yana sukari yake ya asili, laktosi, karibu gramu 5 kwa kila gramu 100. Kwa hiyo ukiona 5 kwenye maziwa meupe, hakuna aliyetia sukari.

Sasa chukua mtindi wa matunda ulioandikwa gramu 12. Ondoa 5 za asili. Zinabaki 7 za kuongezwa. Kikombe cha gramu 250 kitakuwa na gramu 17 na nusu, yaani zaidi ya vijiko vinne vya chai, maana kijiko kimoja hubeba kama gramu 4. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ni bora zaidi abaki chini ya 25, na mtoto apate pungufu ya hapo. Nunua mtindi ulioandikwa "plain", ukate ndizi au embe mwenyewe.

4. MTOTO MDOGO

Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake. Kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine, hadi miaka 2 au zaidi. Mama asiyeweza kunyonyesha apate ushauri kliniki kabla ya kununua kopo lolote.

"Sweetened condensed milk" si chakula cha mtoto mchanga: karibu nusu ya uzito wake ni sukari. "Skimmed" ni maziwa yaliyoondolewa mafuta. Yanamfaa mtu mzima anayepunguza mafuta, lakini aliye chini ya miaka 2 anayahitaji mafuta hayo ili akue. Aliyetimiza mwaka apewe "whole" au "full cream", yasizidi nusu lita kwa siku. Maziwa yana madini ya chuma kidogo sana, na mtoto aliyeshibia maziwa hukataa maharage, dagaa na maini, hatimaye akaishiwa damu.

5. TUMBO LIKIKATAA

Watu wazima wengi duniani hawamudu laktosi: tumbo hujaa gesi, huunguruma, kisha huhara. Wengi wao huvumilia mtindi, kwa kuwa bakteria wa mtindi wamekwisha kuila sehemu ya laktosi. Pakiti ya "Lactose free" pia inawafaa.

Mzio wa maziwa ni jambo jingine. Mtu huvimba midomo, hutoka vipele au hubanwa pumzi. Huyo asitumie maziwa hayo ya "Lactose free", maana protini inayomdhuru bado imo. Akibanwa pumzi, mkimbize hospitali mara moja.

6. TAREHE

"Mfg" ni siku ya kutengenezwa. "Exp" au "Use by" ni mwisho wa matumizi. Ikipita, usinywe hata kama harufu ni nzuri. "Best before" ni tarehe ambayo baada yake ladha hupungua, ingawa huenda bado ni salama kama pakiti ni nzima na imehifadhiwa vizuri. "Keep refrigerated" ni agizo la friji: maziwa ya aina hiyo yakiwa yamepangwa juani au kwenye rafu ya kawaida, yaache. Pakiti iliyovimba usiionje, irudishe dukani.