SOMO LA KIKUNDI: KABLA HUJAVUKA ZIWA, HESABU NJIA YA KURUDI



Somo letu la safari hii linahusu kwenda kufanya kazi kisiwani. Vijana wengi wa Arua na Koboko wanatuuliza habari za Kalangala na Buvuma, huko Ziwa Victoria. Wameambiwa kuna kazi ya michikichi, mshahara wa kila mwezi na nyumba ya bure. Wengine wameambiwa kweli, wengine wamedanganywa. Chama hakimkatazi mtu kwenda kutafuta riziki. Lakini ni wajibu wa chama kumfundisha mwanachama kuhesabu kabla hajaondoka. Someni somo hili pamoja. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

1. Safari hii si ngeni kwetu

West Nile iliunganishwa na Uganda mwaka wa 1914. Tangu hapo wakoloni waliifanya kuwa mahali pa kuchukulia vibarua. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianza mwaka wa 1924, cha Kakira mwaka wa 1930, na babu zetu Walugbara, Wakakwa na Waalur walikwenda huko kukata miwa. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi. Wengine hawakurudi, na makaburi yao hayajulikani.

Mimi mwenyewe nilizaliwa ukimbizini Sudan, kwa sababu wazazi wangu walikimbia Koboko baada ya vita vya 1979. Kwa hiyo najua tangu utoto kwamba kuondoka ni jambo la siku moja, lakini kurudi kwaweza kuchukua miaka.

2. Kisiwa chenyewe

Visiwa vya Ssese ni 84, na kikubwa kuliko vyote ni Bugala, ambacho ndicho chenye mji wa Kalangala. Zamani, karibu mwaka wa 1909, serikali ya kikoloni iliwahamisha wenyeji wa visiwa hivyo kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na watu walirudi kidogo kidogo baadaye. Wilaya ya Kalangala iliundwa mwaka wa 1989. Katika miaka ya 2000 msitu na majani vilifyekwa, ikapandwa michikichi ya kutoa mafuta ya kula. Lipo shamba kubwa la kampuni, na wapo wakulima wadogo wanaoiuzia kampuni mazao yao. Baadaye kazi kama hiyo ilianza katika kisiwa cha Buvuma pia.

Kazi ya michikichi ina ugumu wake. Mti ukiwa mfupi, mkungu hukatwa kwa patasi yenye mpini mrefu. Mti ukirefuka, hukatwa kwa mundu uliofungwa kwenye mti mrefu. Mkungu mmoja waweza kufika kilo 20 na zaidi, una miiba, nao huanguka karibu na miguu yako. Tena matunda yaliyokatwa hayangoji. Yakikaa sana kabla ya kufika kiwandani, mafuta huharibika. Ndiyo maana kazi hii hulipwa sana kwa kipande, na nyapara huhimiza kila saa.

3. Kwa nini maisha ya kisiwani ni ghali

Kutoka Koboko unapita Arua, unavuka daraja la Pakwach, unapita Karuma hadi Kampala. Hapo hujafika. Njia moja inakwenda Entebbe, kwenye bandari ya Nakiwogo, na kutoka hapo unapanda meli hadi Lutoboka, safari ya saa tatu na zaidi. Njia ya pili inakwenda Masaka, kisha Bukakata, unakovuka kwa kivuko hadi Luku. Kabla ya kutoka nyumbani, uliza kwa simu kama meli inasafiri siku hiyo, kwa maana meli huharibika, na ukichelewa unalala ufukweni kwa gharama yako.

Sasa fikirini. Njia uliyopita wewe ndiyo unayopita mfuko wa unga, sabuni, msumari na bati. Kila mahali mzigo unaposhushwa na kupakiwa tena, mchukuzi hulipwa. Mwishoni, anayelipa gharama zote hizo ni mnunuzi dukani, yaani wewe. Nyumbani unakula muhogo wa shamba lako na simsim ya mama yako, wala huoni kwamba hiyo ni fedha. Kisiwani kila tonge hununuliwa.

4. Tufanye hesabu

Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kikundi kiweke za kwake baada ya kumwuliza mtu aliyeko huko. Tuseme kazi inalipa shilingi 10,000 kwa siku, na unafanya siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 260,000. Sasa ondoa:

Akiba ya NSSF, asilimia 5: 13,000
Ada ya chama: 5,000
Chakula, 4,000 kwa siku 30: 120,000
Chumba: 40,000
Sabuni, taa, simu na dawa ndogo: 30,000

Jumla ni 208,000. Zinabaki 52,000. Ikiwa nauli ya kurudi Koboko pamoja na chakula cha njiani ni 120,000, inakubidi kuweka akiba zaidi ya miezi miwili bila kutuma nyumbani hata senti moja, ndipo uweze kurudi.

Haya, tuseme mwezi huo mvua ilinyesha na kwa siku 4 hukufikisha kipande. Unapata 220,000. NSSF inakuwa 11,000, na mengine hayapungui. Zinabaki 14,000. Sasa nauli ya kurudi ni akiba ya miezi karibu tisa. Ndugu, mtu wa namna hii hajafungwa kwa mnyororo, lakini hawezi kuondoka. Akikopa dukani, daftari la mwenye duka ndilo linalomfunga. Huu ndio ughali wa kisiwa. Bei ya sukari ni sehemu yake ndogo. Sehemu kubwa ni kwamba ziwa liko kati yako na nyumbani, na kulivuka ni fedha.

5. Yaliyotupata sisi

Mwaka wa 2011 tulitoka Koboko vijana sita. Wakala alitukuta sokoni, akatuahidi kazi ya kupasua mbao katika kisiwa kimoja, nauli juu yake, chakula juu yake. Jina la mwajiri silitaji. Tulipofika, karani alituandika majina kwenye daftari langoni, tukaweka dole gumba. Hata mimi niliyemaliza darasa la saba sikusoma maneno ya juu. Yaliandikwa kwamba tumekuja wenyewe kuomba kazi, na tumeajiriwa hapo hapo kisiwani.

Mwezi wa tano gogo lilimwangukia mwenzetu mguuni. Tulipodai apelekwe nyumbani, tulijibiwa kwamba mtu huyu ameajiriwa hapa, basi nyumbani kwake ni hapa. Wakala hakupokea simu. Hatukuwa na karatasi, hatukuwa na chama, wala ajali haikuandikwa popote. Tulichanga, mmoja akauza simu, mwingine akauza viatu vya kazi. Tulimbeba kwa mtumbwi, kwa pikipiki, kwa basi. Siku ya tatu tulimfikisha kwa mama yake. Yu hai hadi leo, lakini mguu ule haukunyooka tena, na hakulipwa chochote. Mimi niliingia chama kwa sababu ya neno moja lile lililoandikwa kwenye daftari.

6. Sheria yasemaje

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inasema kwamba mfanyakazi aliyeajiriwa kwenda mahali palipo zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao ana haki ya kurudishwa kwa gharama ya mwajiri hadi mahali alipoajiriwa. Haki hii ipo muda wa mkataba ukimalizika, na pia mkataba ukivunjika kwa ugonjwa au ajali. Ikiwa mwajiri ndiye aliyeisafirisha familia, naye akirudishwa au akifa, familia hurudishwa pia kwa gharama ya mwajiri. Na aliyetumikia miaka 10 hurudishwa popote alipoajiriwa.

Sikilizeni vizuri maneno haya: "hadi mahali alipoajiriwa." Koboko hadi Kalangala ni mbali kuliko kilomita 100 mara nyingi. Lakini karatasi ikisema umeajiriwa Kalangala, utarudishwa Kalangala, yaani hapo hapo uliposimama. Ikisema umeajiriwa Koboko, mwajiri ana deni la kukufikisha Koboko. Neno moja lina thamani ya nauli nzima.

Mengine ya kushika ni haya. Wakala anayeajiri watu lazima awe na kibali cha Kamishna wa Kazi. Mwajiri lazima akupe masharti ya kazi kwa maandishi kabla ya wiki 12 kupita. Kwa kanuni za 2011, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi minne si kibarua tena, anastahili mkataba wa maandishi. Mshahara hulipwa kwa fedha, si kwa bidhaa za dukani. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka wa 2022, kila mwajiri, mdogo kwa mkubwa, anapaswa kukuandikisha NSSF na kuongeza asilimia 10 juu ya asilimia 5 yako. Ajali ya kazini hulipwa fidia kwa sheria ya mwaka 2000.

Lakini msitegemee sheria kuwapangia mshahara. Kima cha chini kilichowekwa Uganda mwaka wa 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na mswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge mwaka wa 2019 haukutiwa saini na Rais. Kwa hiyo mshahara wa shambani hutokana na makubaliano kati ya mwajiri na chama. Penye wanachama wachache, makubaliano ni dhaifu.

7. Mambo ya kufanya kabla ya kupanda basi

(a) Mwombe wakala kibali chake, ukione kwa macho. Akikasirika, umepata jibu.

(b) Dai karatasi yenye jina la mwajiri, aina ya kazi, malipo ya kipande, nyumba, na maneno haya: "Ameajiriwa Arua" au "Ameajiriwa Koboko", pamoja na tarehe. Ipeleke kwa Afisa wa Kazi wa wilaya aione. Nakala moja acha nyumbani.

(c) Usiweke sahihi wala dole gumba langoni kabla ya kusomewa kila neno.

(d) Weka nauli ya kurudi kwa mtu mwaminifu nyumbani, si mfukoni mwako. Fedha hiyo ihesabu kuwa si yako.

(e) Nenda peke yako kwanza. Familia ifuate baada ya miezi sita, ukishajua shule na zahanati ziko wapi na bei ya chakula ni ipi. Usiuze shamba la ukoo. Kule ardhi nyingi ni ya mailo, ina wenyewe, na kodi ya chumba haikupi haki ya kulima.

(f) Usipande chombo kilichojaa kupita kiasi, wala bila koti la kuokolea. Mwezi wa Novemba 2018 mashua ya MV Templar ilizama Ziwa Victoria karibu na ufuko wa Mukono, wakafa watu zaidi ya 30. Chombo kingine kipo kesho, roho hakuna nyingine.

(g) Jilinde na maradhi. Katika vijiji vya wavuvi ukimwi umeenea kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi, na maji ya kando ya ziwa yana kichocho.

(h) Ukifika, mtafute mjumbe wa chama wiki ya kwanza. Wafanyakazi wa mashambani wana chama chao cha taifa, NUPAWU. Kila ajali, hata ndogo, iandikwe siku ile ile, pamoja na majina ya walioona.

Mwisho

Wazee wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maana yake, hata ukitembea mbele na nyuma ya chombo, mwisho utarudi mahali pako. Wapo wenzetu waliokwenda visiwani wakarudi na bati la nyumba na ada ya shule ya watoto. Nawasifu. Nimewauliza wengi wao siri ni nini, nao hujibu karibu neno moja: walijua tangu mwanzo watarudi vipi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, nani alikwenda kazi ya mbali hakurudi? Ni kitu gani kilimzuia?
2. Fanyeni upya hesabu ya sehemu ya 4 kwa bei mlizozipata kwa mtu aliyeko kisiwani. Nauli ya kurudi ni akiba ya miezi mingapi?
3. Kwa nini mwajiri apende kuandika kwamba umeajiriwa langoni?
4. Je, kikundi chaweza kuanzisha mfuko mdogo wa kumrudisha mwenzetu aliyeumia? Kila mmoja atoe kiasi gani, na nani ashike daftari?

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.